Mwaka mzima wa chama cha wahandisi wa antena: fundi wa Lamu afuate lipi?

Fundi wa Langoni (Lamu)

Assalaam aleikum wakubwa na wenzangu. Mimi ni fundi wa intaneti hapa Amu. Kazi yangu ni kupandisha dishi juu ya mapaa, kuvuta kebo na kuangalia laini zisikatike. Juzi nimejiunga na jumuiya ya antena na uenezaji wa mawimbi ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki; jumuiya yenyewe hufupishwa AP-S. Ada si haba kwa mtu anayeishi kwa kibarua, lakini nimelipa kwa sababu nataka kuijua kazi hii, si kubahatisha.

Sasa nikifungua kalenda ya mwaka 2025 naona kongamano Stockholm, kongamano Ottawa, mihadhara, mashindano ya wanafunzi, na makala yasiyokwisha. Mimi hata nauli ya Mombasa naipangia. Mlio ndani ya mambo haya, mwaka wenu huendaje hasa? Na mtu wa kisiwani aanzie wapi?

La pili, sijui kama lina uhusiano. Nina laini ya redio ya gigahezi 5.8 inayovuka maji kwenda Mokowe. Kuna saa iko sawa kabisa, kuna saa inalegea mpaka wateja wanapiga simu, na hakuna mvua wala upepo. Dishi zimeelekezwa barabara.

Mhandisi Mstaafu (Malindi)

Waaleikum salaam mwanangu. Nianze na la pili, maana humo ndimo jibu la kwanza lilimo.

Laini yako haina ugonjwa. Itazame pamoja na maji. Wimbi linalotoka Amu linafika ng'ambo kwa njia mbili: moja kwa moja hewani, na kwa kugonga uso wa bahari kisha kuruka. Bahari iliyotulia ni kioo kwa mawimbi ya redio. Mawili hayo yakifika yamekwenda sambamba, nguvu inaongezeka. Yakipishana kwa nusu ya urefu wa wimbi, yanauana.

Chukua hesabu nyepesi: umbali kilomita 5, kila dishi mita 20 juu ya maji. Zidisha kimo kwa kimo, mara mbili, kisha gawanya kwa umbali. Tofauti ya njia hizo mbili ni sentimita 16. Maji yakipwa mita 3, na siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hilo ni jambo la kawaida kwetu, vimo vinakuwa mita 23 na tofauti inafika sentimita 21. Imeongezeka sentimita 5 na ushei. Sasa urefu wa wimbi la gigahezi 5.8 ni kiasi gani? Sentimita 5.2. Kwa hiyo kupwa kumoja tu kunaizungusha laini yako mzunguko mzima, ikipanda na kushuka, bila mtu kugusa hata skrubu. Siku za maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka sana, mabadiliko ni madogo. Dishi kubwa zaidi peke yake halitakuokoa, kwani mwale unaotoka majini unaingia kwa pembe isiyofika digrii moja chini ya ule wa hewani, na dishi haliwezi kuutenga.

Dawa inayojulikana ni kuongeza dishi la pili la kupokea kwenye mlingoti uleule, juu au chini ya la kwanza. Kwa vimo hivyo, mwachano wa kama mita 3 unatosha ili la kwanza likiwa kwenye shimo, yaani nguvu imeshuka, la pili liwe kwenye kilele. Soma pendekezo la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linaloitwa P.530, ndilo la kupangia laini za aina hii, na habari za kuvuka maji zimo.

Sasa mwaka. Watu wa nje huona makongamano, ila aliye ndani huishi kwa tarehe za kupeleka makala. Kongamano la Ulaya, EuCAP, lililoanza Nice mwaka 2006, hufanyika majira yao ya kuchipua, na makala yake kwa kawaida hutakiwa Oktoba. La AP-S ni Julai, makala yake Januari. 2024 lilikuwa Florence, 2025 likawa Ottawa. Mwisho wa mwaka kuna kongamano la AMTA, chama cha watu wa kupima antena, na hao ndio ninaowapenda kuliko wote kwa sababu hawakuachii useme "antena hii ni nzuri" bila kuonyesha umeipima wapi na kwa nini. Katikati ya hayo kuna kazi isiyoonekana: kuhakiki makala za wengine, kuandika viwango, kuendesha matawi. IEEE 149, mwongozo wa kupima antena, ulifanyiwa marekebisho 2021, na kazi hiyo imefanywa na watu wenye ajira zao nyingine.

Mimi nilihudhuria AFRICON, kongamano la IEEE la Afrika, Nairobi, Septemba 2023. Nilichofaidi zaidi ni mazungumzo ya ukumbini wakati wa chai, na vijana waliokuja na tatizo la kwao, wamelipima wenyewe. Wewe tatizo lako unalo tayari. Mtu wa maabara ya bara angelipa apate bahari inayopanda na kushuka mlangoni pake mara mbili kwa siku.

Kuna jambo linaloniuma na nitalisema. Hapa karibu yangu, Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa eksirei ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini, ikapewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo ni sikukuu ya uhuru wa Kenya. Antena za kituo kile zimekuwa zikipokea data za Swift, setilaiti ya NASA ya kuchunguza anga iliyorushwa 2004. Vijana wetu wamekua wakiyaona madishi yale kwa mbali, na wachache mno wameambiwa kwamba kuyabuni, kuyapima na kuyatunza ni kazi wanayoweza kuisomea. Kwa hiyo ukijiunga wewe, mimi nafurahi kweli.

Mwanafunzi wa Uhandisi (Mombasa)

Shikamoo mzee. Kaka wa Amu, kabla ya kulipa ada tena ulizia ile iliyopunguzwa kwa nchi zenye kipato kidogo, na ukiwa unasoma popote ada ya mwanafunzi ni ndogo zaidi. Programu za kukokotoa antena kwa kompyuta pia si lazima ununue: NEC-2 ni ya bure kwa antena za nyaya, na openEMS ni ya bure kwa maumbo magumu. Halafu kuna wahadhiri mashuhuri ambao jumuiya huwatuma kwenye matawi, na mingi ya mihadhara hiyo siku hizi unaisikiliza kwa intaneti. Sisi chuoni tunakaa kikundi, tunasimamisha video, tunabishana.

Redio Ridhaa (Malindi)

Hesabu ya mzee sina neno nayo. Ila fundi, fungua na viunganishi. Chumvi yetu inapita kwenye nyuzi za kebo, ukikata ganda unakuta shaba imegeuka kijani shubiri nzima ndani. Funga tepu ya mpira ile inayogandana yenyewe, ukianzia chini kwenda juu, na uache kebo ining'inie kitanzi chini ya kiunganishi ili maji yadondokee hapo. Ukiruka hilo vipimo vyako vya bahari vitachanganyika na vya kutu.

Fundi wa Langoni (Lamu)

Mzee shikamoo, na ahsanteni nyote. Jana nimetazama rekodi za redio: nguvu imeshuka vibaya maji yakiwa nusu ya kupwa, ikarudi yalipokauka kabisa. Nataka kupima kuanzia bamvua hii hadi maji mafu. Nichukue kila baada ya dakika ngapi? Na kimo cha maji nikitoe wapi?

Mhandisi Mstaafu (Malindi)

Marahaba mwanangu. Kila dakika 5, redio ijiandikie yenyewe. Kimo kichukue kwenye jedwali la kujaa na kupwa linalotolewa na Mamlaka ya Bandari, lakini gatini kwako simamisha na mti wenye alama za sentimita uusome mwenyewe mchana, kwa sababu mkondo wa Amu una tabia zake. Andika na hali ya uso wa maji: shwari au mawimbi. Kaskazi ikitulia asubuhi utaona mashimo ni makali kuliko wakati wa kusi. P.530 ipakue kwenye tovuti ya ITU, haina malipo. Ukishapata namba za bamvua moja nitumie, tuanze kuandika.