Naomba ushauri: shule mchanganyiko ya siku nyingi, wastani wake niusomeje?

Habari za humu wakuu. Mwanangu ana uoni hafifu, na kuna shule ya msingi kongwe mjini inachukua watoto wote, wasioona, viziwi na wasio na ulemavu, ila wastani wake wa mtihani uko chini ya shule jirani na baba yake kang'ang'ania hapohapo kwenye wastani. Mi nilienda kuchungulia nikakuta mtoto anagonga mashine ya nukta nundu (yale maandishi ya wasioona ya kupapasa kwa vidole) tatatata huku mwenzie anamsomea ya ubaoni, aisee nikapapenda. Nimemuomba mwalimu mkuu matokeo ya wenye uoni hafifu pekee, kasema hawayatengi. Sasa niulize nini nijue wanafundishwa kweli na si kukalishwa tu? Na karatasi ya mtihani ya maandishi makubwa na muda wa ziada vinaombwaje?