Fangasi za mapajani: nikipaka zinatulia, nikiacha zinarudi

Bajaji_Mbagala: Wakuu habari zenu. Mimi dereva wa bajaji hapa Dar na joto la mwezi huu si mnalijua, unakaa kwenye siti toka asubuhi suruali imelowa jasho. Nina fangasi mapajani huku juu karibu na kinena, usiku zinawasha balaa. Duka la dawa wakanipa tyubu, muwasho ukakata fasta nikajua tayari nikaacha. Sasa zimerudi mpaka makalioni na ule mviringo haupo tena, zimekaa hovyo hovyo hazieleweki. Au nitafute sindano?

DadaWaDirishani: Sindano ya nini tena kaka 😂 Hebu geuza hiyo tyubu usome maandishi madogo. Ukiona betamethasone au clobetasol humo ndo mchawi wako. Hizo ni steroidi, zinakata muwasho haraka ila zinashusha kinga ya ngozi palepale, fangasi wanaendelea kula raha chini kwa chini, ndo maana hata mviringo unapotea. Na kinenani ngozi ni laini, ukipaka muda mrefu inakuwa nyembamba inaacha michirizi ambayo haitoki. Mimi nauza dawa, kila siku watu wanataka "ile mchanganyiko", ukimpa clotrimazole tupu, yaani dawa ya fangasi bila steroidi, anaona unambania.

Bajaji_Mbagala: Nimeisoma dada, imeandikwa betamethasone, gentamicin na clotrimazole. Sasa niitupe?

DadaWaDirishani: Achana nayo. Chukua clotrimazole asilimia 1 peke yake, oga, jifute mpaka pakauke kabisa, paka kidogo tu asubuhi na usiku, na uvuke ule ukingo kama upana wa vidole viwili maana fangasi wameshatangulia mbele ya alama unayoiona. Wiki 2 mpaka 4, na zikipotea usiache hapohapo, ongeza kama wiki 2. Siku za mwanzo muwasho unaweza kupanda kwa sababu umeacha steroidi, usiirudie ile tyubu. Terbinafine, cream nyingine ya fangasi, nayo nzuri, inachukua wiki 1 hadi 2, ila bei imechangamka.

Mzee_wa_Likoni: Kijana angalia na vidole vya miguu, katikati pakiwa peupe panachubuka basi ndo chanzo. Paka na huko, na ukivaa anza soksi ndo chupi ifuate, la sivyo unapitisha mguu wenye fangasi kwenye chupi unazipandisha juu mwenyewe. Na asije mtu akakushauri whitfield, ile dawa kali ya kupaka, huko kinenani, miguuni sawa lakini huko utacheza ngoma bila ya mpigaji.

MamaTwins: Samahani nadandia uzi, wanangu wana mapunye kichwani, nipake hiyohiyo clotrimazole?

DadaWaDirishani: Hapana mama, kichwani fangasi wanaingia ndani ya unywele mpaka kwenye shina, cream haifiki. Wapeleke hospitali waandikiwe vidonge, mara nyingi ni griseofulvin kwa wiki 6 mpaka 8, dozi inategemea kilo za mtoto, na wanywe na chakula chenye mafuta au maziwa ndo inaingia vizuri mwilini. Vitana na taulo kila mtoto chake.

Bajaji_Mbagala: Asante dada, na wewe mzee, shikamoo. Soksi kwanza, hiyo sijawahi kusikia popote 😅 Vipi siti, nitoe hii kava ya nailoni?

Mzee_wa_Likoni: Marahaba. Itoe, weka kitambaa cha pamba uwe unakifua.