Naomba ushauri: picha za ubongo za miaka miwili, makundi mawili, takwimu zimenigomea

MwanaTasnifu: Wakuu, habari za jioni. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu wagonjwa wa Alzheimer (ugonjwa wa kusahau) na wazee wazima. Kila mtu alipigwa MRI mara tatu, nami napima ujazo wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Nimefanya jaribio la t la mabadiliko kwa kila kundi peke yake: wagonjwa p iko chini ya 0.05 (yaani mabadiliko yana uzito kitakwimu), wazima hapana. Naweza kuandika kwamba makundi yanatofautiana? Nawasilisha Ijumaa, usingizi sina.

DadaTakwimu: Hapana, mdogo wangu. Hapo hujalinganisha makundi bado. Pima mwingiliano wa kundi na muda, yaani kama makundi yanabadilika kwa kasi tofauti, kwa modeli mseto: hesabu inayompa kila mtu mwanzo wake na kasi yake. Wote walirudi?

MwanaTasnifu: Wagonjwa tisa hawakurudi. Nimewatoa.

Mzawa_Tanga: Marehemu babu alianza kupotea njia ya msikitini, tukasema uzee tu. Soma mwanangu, tunawahitaji.

DadaTakwimu: Warudishe. Wanaoacha kuja mara nyingi ndio waliozidiwa. Modeli mseto haimtupi mtu kwa kukosa picha moja.

FundiSumaku: Mashine ilikuwa moja?

MwanaTasnifu: Hospitali moja.

FundiSumaku: Nimeuliza mashine.

MwanaTasnifu: Picha ya kwanza wote mashine ya tesla 1.5 (nguvu ya sumaku). Baadaye wagonjwa walihamia tesla 3, wazima wakabaki. Ila nimesawazisha kwa ComBat, mbinu ya takwimu ya kuondoa tofauti za mashine, na msimamizi keshapitisha muhtasari.

FundiSumaku: Hapo ComBat haikusaidii. Tesla 3 wamo wagonjwa tu, itajuaje kipi ni ugonjwa na kipi ni mashine? ADNI, mradi mkubwa wa utafiti wa Alzheimer wa Marekani ulioanza 2004, sehemu ya washiriki walipigwa kwa mashine zote mbili.

Kipanga77: Hii chai. Nani anahamisha kundi moja?

Mzawa_Tanga: Hata mimi nimeshtuka.

MwanaTasnifu: Si chai. Kliniki ya wagonjwa ilihamia jengo jipya. Niweke picha muone?

DadaTakwimu: Usithubutu! Picha za wagonjwa haziwekwi humu.

Kipanga77: Basi tuambie tarehe za kuhama.

FundiSumaku: Kipanga, muache. Kijana, picha ya pili na ya tatu kila mtu alikuwa kwenye mashine ileile, sivyo? Anza na mabadiliko ya hapo katikati, kwa asilimia. Bado mashine ni mbili, uliandike hilo wazi. Na mwambie msimamizi leo.

MwanaTasnifu: Nimemwandikia saa nne hii. Hajajibu.