Ukoo wa Bi Rukia 🌴 (gumzo la Jumatano)

[15:12] Shangazi Zena: Asalaam aleikum. Tumeamka salama melini, bado twaelekea New York. Usiku wameturudisha saa nyuma tena, mara ya nne hii.

[15:13] Saida: Waaleikum salaam shangazi 😍 Kwani huko saa ngapi? Hapa Mombasa saa tisa ishapita

[15:14] Shangazi Zena: Saa tatu asubuhi. Nishaswali, nishakunywa chai, nishatandika kitanda. Siku nzima iko pale yanitazama.

[15:16] Rahma: Musimsikize mama. Yule kijana wa Kifilipino anayesafisha vyumba kaingia kakuta kitanda kimetandikwa na bafu limesuguliwa. Akadhani tumemshtaki kwa wakubwa wake 🤦🏽‍♀️

[15:17] Shangazi Zena: Nilimwambia akae basi anywe chai. Akakataa.

[15:18] Hamisi: Shangazi si umelipiwa upumzike 😂

[15:19] Shangazi Zena: Nimepumzika Jumamosi. Nimepumzika Jumapili. Jumatatu na jana pia. Mtu hupumzika mara ngapi?

[15:41] Shangazi Zena: 🎤 Sauti 0:09

[15:42] Saida: Yalabi ni nini hiyo?? Kama ng'ombe

[15:42] Shangazi Zena: Meli. Yalia hivyo tangu alfajiri. Nje ni ukungu mtupu, hata maji siyaoni.

[15:47] Ami Salim: Honi ya ukungu hiyo. Ni sheria. Chombo kikiwa chaenda na hakioni mbele hupiga mlio mmoja mrefu, na zisipite dakika 2 kabla hakijapiga tena. Muko Grand Banks, kusini ya Newfoundland, Kanada. Maji baridi yashuka kutoka Labrador, hewa yenye joto yaja kutoka upande wa Gulf Stream, mkondo wa maji moto, vikikutana ndiyo hayo. Mimi nilipita hapo na meli ya mizigo, siku tatu hatukuiona pua ya meli yetu wenyewe.

[15:48] Hamisi: Si huko huko ndiko ilikozama ile ya 1912

[15:48] Rahma: HAMISI

[15:49] Hamisi: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[15:50] Shangazi Zena: Nimeusoma. Nalijua tangu tulipoondoka Southampton. Titanic iko mita 3,800 chini, mimi niko juu ghorofa ya nane. Tuna masafa baina yetu.

[15:51] Ami Salim: 😂😂 Huyo ndiye dada yangu

[16:35] Saida: Shangazi, na hiyo Queen Mary 2 ni kubwa kiasi gani?

[16:36] Ami Salim: Mita 345.

[16:37] Shangazi Zena: Ile feri ya Likoni hujamaliza kununua karanga ushafika ng'ambo. Hii nimezunguka sitaha mara tatu, karibu kilomita mbili hizo, kwa ukungu. Kuna mzee na mkewe wao wazunguka kinyume changu. Mara ya kwanza kukutana walitabasamu. Mara ya sita tulishakuwa majirani, naye akaanza kunieleza habari za goti lake.

[16:40] Rahma: Waambie habari za mbwa

[16:41] Shangazi Zena: Astaghfirullah. Mbwa wana vyumba vyao juu, na mtu wa kuwatembeza. Wamewekewa nguzo ya taa ya Kiingereza na bomba la zimamoto la Kimarekani, kila mmoja akojolee alikozoea.

[16:42] Hamisi: 💀💀💀

[16:42] Saida: Mimi nimekaa matatu ya Bamburi masaa mawili na nusu leo, mbwa ana mhudumu

[17:30] Rahma: Tumetoka ukumbi wa nyota. Walaza kiti unaonyeshwa mbingu yote darini. Mama kakoroma tangu mwezi mpaka mwisho.

[17:31] Shangazi Zena: Nilifumba macho nione vizuri.

[17:33] Ami Salim: Zena, na kibla mwakijuaje huko?

[17:35] Shangazi Zena: Rahisi. Meli yaenda magharibi, sisi twaelekea ilikotoka. Nikiswali mgongo uko New York.

[18:04] Shangazi Zena: Saa sita ya huku imelia. Nahodha kasema kwenye spika tuliko, upepo, na kina cha maji. Kila siku mchana husema. Watu wote hunyamaza, vijiko chini, kama taarifa ya habari enzi za redio ya baba.

[18:05] Ami Salim: Ehee! Na baba ungeongea wakati wa habari…

[18:06] Shangazi Zena: Ungekula kofi lililokusudiwa Salim 😄

[18:07] Saida: Na usiku wawarudisha tena saa?

[18:08] Rahma: Moja ya mwisho. Ijumaa alfajiri twaingia New York in shaa Allah

[18:09] Shangazi Zena: Hizo saa zote wanipe nilipokuwa na watoto wanne na biashara ya mahamri. Sasa ndiyo wanazimwaga.

[18:28] Ami Salim: Adhana hiyo. Twende tukaswali magharibi.

[18:28] Hamisi: Haya, baadaye

[18:29] Saida: Shangazi tutaongea usiku 🤲🏽

[18:33] Shangazi Zena: Haya nendeni. Mimi hapa ndiyo kwanza adhuhuri.