Chicago kuna mwenyekiti wa mtaa? Mdogo wangu kakwama

Mwana_Iyunga: Habari za jioni wakuu. Dogo langu liko Chicago kimasomo, kapanga sehemu inaitwa Uptown, nje kwao taa ya barabarani haiwaki na kuna shimo gari zinadumbukia kila siku. Kaniuliza kaka huku mtu anaenda kwa nani? Maana sisi huku Iyunga, Mbeya inajulikana, unaanza kwa mwenyekiti wa mtaa, akikuzungusha unaenda kwa mtendaji, ikishindikana diwani. Na barua ya utambulisho anaandikiwa na nani?

Kabwe_Stendi: Si aulizie tu ofisi ya kata ya Uptown, mbona rahisi.

Dada_wa_Tukuyu: Hapana mkuu, hapo ndo wengi wanapotea. Uptown siyo kata. Nimekaa huko miaka, yale majina ya Uptown, Hyde Park, Englewood ni maeneo 77 yaliyochorwa miaka ya 1920 na wanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago kwa ajili ya takwimu, na mipaka yake karibu haijaguswa. Kata ziko 50, zina namba tu, na mipaka inachorwa upya kila baada ya sensa, yaani kila miaka 10, na hapo madiwani wanavutana mashati kweli kweli, Englewood wameikatakata kwenye kata kadhaa. Unaweza ukavuka barabara ukawa na diwani mwingine. Mwenyekiti wa mtaa hakuna kabisa, ukishuka chini ya diwani ni wewe na Mungu wako 😂 Dogo apige 311, namba ya simu ya jiji ya kupokea kero, aripoti taa na shimo, apewe namba ya ombi, halafu aangalie anwani yake iko kata namba ngapi aende na hiyo namba ofisini kwa diwani. Kila diwani anatengewa kama dola milioni 1.5 kwa mwaka za barabara, taa na vijia vya miguu, kwa hiyo asiambiwe eti fungu halijafika.

Kabwe_Stendi: Milioni 1.5 za dola kata moja?? Hapo lazima ziliwe.

Mzee_wa_Forest: Zinaliwa sana tu. Edward Burke kakaa udiwani miaka 54, mwaka 2023 mahakama ikamtia hatiani kwa rushwa. Ila meya wao anapigiwa kura na wananchi wenyewe, siyo kama huku anachaguliwa na madiwani na mkurugenzi analetwa na Rais. Mwaka 1979 theluji ilijaa barabarani haizolewi, uchaguzi ukafika, Meya Bilandic akapigwa chini na Jane Byrne.

Mwana_Iyunga: Na barua je dada?

Dada_wa_Tukuyu: Barua hamna, anatumia mkataba wa nyumba au bili ya umeme yenye jina lake. Akitaka kitambulisho cha jiji aende kwa karani wa jiji, kinaitwa CityKey, hata mgeni anapewa. Na theluji ikianguka mwambie asiguse viti atakavyoviona barabarani, mtu akishazoa theluji pa kupaki gari anaweka kiti kushikilia nafasi yake, ukikiondoa mnagombana.

Kabwe_Stendi: Kiti nje usiku kucha? Mwanjelwa hicho kiti saa mbili asubuhi kishauzwa.

Mwana_Iyunga: 😂😂 Ndaga fijo, asante sana dada, namtumia sasa hivi aanze na hiyo 311.