Ushabiki wa Kolombia: kwa nini Barranquilla, kwa nini njano, na watangazaji huchemka wapi?

mtangazaji_chipukizi

Wakuu, salaam. Naandaa kipindi cha redio cha nusu saa kuhusu ushabiki wa Kolombia na sitaki kuishia kwenye nywele za Carlos Valderrama, yule kiungo wao wa zamani. Nisaidieni mambo matatu. Kwa nini timu ya taifa inachezea Barranquilla wakati mji mkuu, Bogotá, una mwinuko wa kumtesa mgeni yeyote? Jezi ya njano ina uzito gani kwa watu ambao kwenye klabu wanachukiana vile? Na mtu wa nje akiizungumzia timu hii, huwa anakosea wapi?

beki_wa_kati

Mkuu, mwinuko wa Bogotá, takriban mita 2,600, ni msumeno: unakata mbele na nyuma. Wachezaji wengi wa Kolombia wametoka pwani au kwenye mabonde ya joto, na wengi soka lao wanalichezea ng'ambo, kwenye miji isiyo na mwinuko wa kutisha. Ukiwaleta Bogotá siku chache kabla ya mechi wanahema sawa na wageni. Halafu kuna Ecuador wanaochezea Quito, na Bolivia wa La Paz na, tangu 2024, El Alto, miji ya milimani pia. Hao huwatishi kwa mwinuko.

Barranquilla ni kinyume chake. Mji uko karibu usawa wa bahari, joto linapita nyuzi 30, na hewa imejaa unyevu. Unyevu ndio wenye kazi yenyewe, kwa sababu jasho halikauki mwilini, na lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana baadhi ya mechi kubwa hupangwa saa tisa na nusu alasiri kwa saa za kule. Argentina, mabingwa wa dunia wakati huo, walichezeshwa muda huo tarehe 10 Septemba 2024 wakalala 2-1. Ukirudia mechi za namna hiyo, angalia mabeki wa pembeni wa wageni baada ya dakika ya 60: wanapanda, lakini kurudi inakuwa shida, na viungo wanaacha kukaba mbele. Wenyeji wanalijua hilo, kwa hiyo kipindi cha kwanza hawana haraka, wanauzungusha mpira ili mgeni akimbie.

Uwanja ni Metropolitano Roberto Meléndez, uliofunguliwa 1986, watu kama 46,000. Anayekaa jukwaa la magharibi jua linamkaa mgongoni alasiri. Wa mashariki linampiga usoni. Bei za tiketi zinafuata jua hilo hilo, magharibi ndiko ghali.

Na historia ipo. Kusaka Kombe la Dunia la 2010 walichezea Bogotá kisha Medellín, wakakosa. Kwa ajili ya 2014 wakarudi Barranquilla, na chini ya kocha José Pékerman wakafuzu baada ya kukaa nje tangu 1998.

jukwaa_la_kusini

Naomba kupinga kidogo. Joto linatiwa chumvi sana. Novemba 2020 Uruguay walishinda 3-0 hapo hapo Barranquilla, na Januari 2022 Peru wakaondoka na 1-0, matokeo yaliyochangia Kolombia kulikosa Kombe la Qatar. Joto halifungi mabao. Na ushindi wa kwanza wa Kolombia dhidi ya Brazil katika mechi za kufuzu, 2-1 tarehe 16 Novemba 2023, ulipatikana usiku, mechi imeanza saa moja.

Sababu ambayo haisemwi sana ni ya majukwaani. Bogotá imegawanyika kati ya Millonarios (bluu) na Santa Fe (nyekundu). Medellín ni Atlético Nacional (kijani) na Independiente Medellín (nyekundu). Cali ni América (nyekundu) na Deportivo Cali (kijani). Barranquilla ina klabu moja tu kubwa, Junior. Timu ya taifa ikifika pale haikuti uwanja wenye pande mbili zinazoviziana.

Hapo ndipo jibu la jezi linapoanzia. Katika klabu zote hizo kubwa hakuna inayovaa njano. Paisa wa Medellín, costeño wa pwani na mtu wa Bogotá wanaweza kuivaa bila yeyote kujiona amevaa rangi ya adui. Siku ya mechi utaiona benki, sokoni, kwenye mabasi, hata kwa mtangazaji wa habari. Na sheria isiyoandikwa ni moja: huendi kwenye mechi ya taifa na jezi ya klabu.

Kwenye ligi mambo ni mengine kabisa. Uwanja wa El Campín wa Bogotá, upande wa kaskazini ni kundi la mashabiki la Comandos Azules wa Millonarios, kusini ni Guardia Albi-Roja Sur wa Santa Fe. Uwanja wa Atanasio Girardot wa Medellín, kusini ni Los del Sur wa Nacional, kaskazini ni Rexixtenxia Norte wa Independiente Medellín. Mgeni anayenunua tiketi za huko kwa kuwa ni rahisi, halafu akatokea na fulana nyekundu mbele ya Los del Sur, amejitafutia matatizo. Mara ya kwanza kaa mashariki au magharibi na uvae nyeupe au kijivu.

goli_la_kona

Nichukue swali la tatu.

Bendera kwanza. Mistari haiko sawa: njano inachukua nusu nzima ya juu, bluu robo, nyekundu robo. Ukichora mitatu sawa umeisogelea Venezuela, imebaki nyota tu. Ecuador ina vipimo kama vya Kolombia ila katikati ina nembo. Michoro mingi ya usoni inaharibikia hapo.

Wimbo wa taifa unaanza na kiitikio, ndipo ubeti. Usianze kutaja vikosi ukidhani kiitikio kikiisha wimbo umeisha. Sheria inazitaka redio na televisheni za kule kuupiga saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kila siku, kwa hiyo uwanja mzima unaujua.

Kosa zito kuliko yote ni Andrés Escobar. Hakuwa na undugu na Pablo Escobar, yule mlanguzi wa dawa za kulevya. Alikuwa beki wa kati wa Nacional, mtu mtulivu aliyeitwa muungwana wa soka. Alijifunga dhidi ya Marekani tarehe 22 Juni 1994, Kolombia ikafa 2-1, na tarehe 2 Julai akauawa kwa risasi Medellín. Utani wa dawa za kulevya ukiuchanganya na jina lake umeumiza watu wasio na hatia yoyote, na hapo msikilizaji Mkolombia anazima redio.

Lazima pia useme timu ile ilitoka wapi. Tarehe 5 Septemba 1993 iliifunga Argentina 5-0 Buenos Aires: Rincón mawili, Asprilla mawili, Valencia moja. Mashabiki wa Argentina walisimama kupiga makofi. Nchi iliyokuwa ikitajwa nje kwa mabomu tu ikatajwa kwa pasi. Bila hilo huwezi kueleza kwa nini njano inabeba uzito ule.

Na ukitaka mfano wa karibu, rudi kwenye ile mechi ya Brazil. Babake mshambuliaji Luis Díaz alikuwa ametekwa na waasi wa ELN, akaachiwa tarehe 9 Novemba 2023. Wiki moja baadaye yuko jukwaani Barranquilla, mwanawe anafunga kwa kichwa dakika ya 75, tena kwa kichwa dakika ya 79. Tafuta picha za mzee yule baada ya bao la pili.

mtangazaji_chipukizi

Nimeshiba, asanteni. Kuna mtu kaniambia siku za mechi pombe hupigwa marufuku. Kweli?

jukwaa_la_kusini

Si kila mechi, na si nchi nzima kwa pamoja. Meya ndiye anayetoa amri kwa mji wake, inaitwa ley seca. Chanzo ni shangwe zenyewe: watu wanarushiana wanga wa mahindi na povu la kopo, povu linamwingia dereva wa pikipiki machoni, na wengine wana silaha. Usiku wa zile 5-0 watu wengi walikufa Bogotá. Mwaka 2014, baada ya vifo kwenye shangwe za kuifunga Ugiriki 3-0, Bogotá ilizuia pombe siku za mechi, na wanga na povu pia. Kwenye kipindi taja mji na mwaka.