Kuuza domeni moja kwa moja kwa kampuni, au kupitia soko au dalali: kipi kina nafuu?

NangaMbili (mwanzisha mada)
Wakuu, salamu. Nina domeni (jina la anwani ya tovuti) ya .com ya maneno mawili, niliisajili miaka sita iliyopita kwa mradi ambao haukufika popote. Nimeiegesha tu kwenye ukurasa wa matangazo, kila mwaka nalipia. Wiki iliyopita nimepata baruapepe ya mstari mmoja: "Jina hili linauzwa?" Aliyeandika katumia anwani ya bure na hajataja kampuni. Nimechimba kidogo nikakuta kuna kampuni ya programu yenye jina hilo hilo, ila kwenye domeni yao wameongeza "app" mwishoni. Nahisi ni wao.

Nimalizane naye mwenyewe, niiweke kwenye masoko ya domeni kama Sedo au Afternic, au nimtafute dalali? Sijawahi kuuza, na kamisheni inaniuma kabla sijaitoa.

Mzee_Kamisheni
Kijana, soko lina kazi moja kubwa: kukutafutia mnunuzi usiyemjua. Domeni yako inaonekana kwa wasajili wengi (kampuni zinazosajili domeni), mtu akitafuta jina anaikuta na bei yake, analipa, wao wanashughulikia uhamisho. Kwa kazi hiyo asilimia 15 au 20 siyo wizi. Lakini wewe mnunuzi keshabisha hodi. Utamlipa nani kwa kumtafuta mtu aliyesimama mlangoni?

Dalali ni habari nyingine. Dalali mzuri analipwa kwa kujua kunyamaza. Kama unajijua ukiandikiwa "hii ndiyo bei yetu ya mwisho" unatetemeka na kukubali, asilimia utakayompa itarudi kwenye bei. Kwa domeni ya bei ndogo, hata hivyo, wengi hawatakupokea.

Jambo moja ukague leo: hujawahi kuiorodhesha mahali ukasahau? Nimeona mtu anajadiliana na kampuni huku tangazo lake la zamani lenye bei ya kununua papo hapo bado liko hai. Mnunuzi alilipia kule kimya kimya, kwa bei ya miaka mitatu nyuma. Mauzo yakawa yamekwisha, mwenye domeni bado anaandika barua ndefu za kujadili.

BintiSeva
Naunga mkono moja kwa moja, kwa sababu kampuni inayoishi na jina lenye nyongeza huwa inajua inachokikosa. Facebook ilianza ikiwa thefacebook.com, na mwaka 2005 ikalipa dola 200,000 kupata jina lisilo na "the". Tesla walikaa na teslamotors.com hadi 2016. Sisemi yako ni ya kiwango hicho, nasema hamu ni ile ile. Wateja wao wanaandika anwani bila "app", wanaangukia kwako.

Na hapo nikuonye: usifungue sanduku la kupokea kila baruapepe inayokuja kwenye domeni hiyo eti "uone wanachokosa". Hizo ni barua za watu wengine. Ukizitaja kwenye majadiliano umejiharibia mwenyewe.

wakili_kiti_cha_nyuma
Kabla ya bei, swali la tarehe. Kampuni ilianza lini kutumia jina hilo, kabla au baada ya wewe kusajili?

Nauliza kwa sababu ya UDRP, utaratibu wa mwaka 1999 wa migogoro ya majina kama ya .com, wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni. Mlalamikaji anatakiwa athibitishe mambo matatu: jina lako linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuchanganya watu, wewe huna haki wala maslahi halali nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Mojawapo ya dalili za nia mbaya ni kusajili jina hasa ili umuuzie mwenye alama kwa bei inayozidi gharama zako. Kama alama yao ilikuja baada ya usajili wako, kukuonyesha ulisajili kwa nia mbaya ni mlima kwao. Kama walikutangulia, ukiandika "ninyi mnalihitaji kuliko mimi" umewapa kielelezo.

Ndiyo maana kuuza moja kwa moja ni vitu viwili tofauti: kuandikiwa, na wewe kwenda kuwaandikia. Wewe umeandikiwa. Hiyo barua ihifadhi.

Halafu huo ukurasa wa matangazo. Umeangalia unaonyesha nini? Matangazo hayo hujipanga yenyewe, na yakianza kuleta wapinzani wa kampuni hiyo, lawama ni ya mwenye domeni. Ondoa, weka ukurasa mtupu.

NangaMbili
Duh. Nimeangalia sasa hivi, kulikuwa na tangazo la programu inayofanana na yao. Nimeshaondoa. Kampuni yao ina miaka minne, kwa hiyo mimi niliwatangulia kwa miwili.

Tumbili404
Mimi niliuza moja kwa moja nikalipwa kwa kadi. Pesa ikaingia, nikatoa domeni, baada ya wiki tano malipo yakapingwa na pesa ikarudi kwa mwenye kadi. Domeni ilikuwa imeshahamishwa mara mbili. Wiki tano nzima nilijiona mfanyabiashara!

Pia akikuambia ulete cheti cha tathmini kutoka tovuti anayoitaja yeye, funga mazungumzo. Tovuti ni yake na cheti unalipia wewe.

BintiSeva
Pole kaka. Ndiyo maana "moja kwa moja" haina maana ya mkono kwa mkono. Weka eskro katikati, yaani huduma ya mtu wa tatu anayeshikilia pesa: mnunuzi anaweka pesa, eskro wanathibitisha imeingia, ndipo unatoa msimbo wa uhamisho, mnunuzi anakiri domeni iko kwake, unalipwa. Anwani ya tovuti ya eskro uiandike mwenyewe kwenye kivinjari, usibofye kiungo alichokutumia. Ada yake ni ndogo kuliko kamisheni ya soko, na mnaweza kugawana.

Usibadilishe jina la mmiliki kabla ya kuhamisha. Kwa .com, mabadiliko hayo yanaweza kufunga uhamisho kwenda msajili mwingine kwa siku 60, na mnunuzi atadhani unamzungusha. Njia nyepesi ni yeye kufungua akaunti kwa msajili uliye naye, umsukumie humo humo. Ila mwambie mapema kwamba akitaka kuihamisha baadaye huenda akasubiri.

MkwajuMkavu
Hamjataja kukodisha kwa awamu, yaani mnunuzi anaitumia huku akilipa kidogo kidogo hadi iwe yake. Kampuni changa nyingi haziwezi kutoa zote mara moja.

Mzee_Kamisheni
Inafaa, mradi domeni ishikwe na mtu wa tatu hadi awamu ya mwisho. Lakini akiacha kulipa mwezi wa saba, unarudishiwa jina ambalo huenda limeshatumiwa kutuma barua taka. Mimi sipendi.

Kuhusu bei: taja wewe kwanza. Ukimwambia "leta ofa", ataleta ya kuchekesha, mtaanzia shimoni.

BintiSeva
Hapo tunapingana, mzee. Hajui huyo ni nani kwa hakika. Amuulize kwanza anataka kuitumia kwa nini na anaandika kwa niaba ya nani. Bei baadaye.

NangaMbili
Nimefuata la dada. Nimejibu hivi: "Nipo tayari kusikiliza. Naomba kujua naongea na kampuni gani." Jibu limekuja baada ya dakika 12, safari hii kwa anwani ya kampuni, aliyeandika ni mmoja wa waanzilishi. Anauliza kama eskro wanalipa wao au tunagawana.

Mzee_Kamisheni
Dakika 12, na bei hata hamjaitaja? Ile namba uliyokuwa nayo kichwani, ifute.